Nyongeza Niliyoikataa

Usipotaka kuamini, shauri yako. Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Taita, na maisha yangu yote nimewakemea watu wanaosimulia mambo kama haya. Leo nasimulia mwenyewe, kwa sababu yalinipata mchana, jua likiwaka, sokoni Kayole, Nairobi.

Nilikuja kumtembelea binti yangu Mghoi, mimba yake ikiwa ya miezi minane, nikaenda sokoni kumtafutia mtoto sweta. Nalipenda soko lile, sikufichi. Hatua kumi tu umeshapita Kikamba, Kijaluo, Kikuyu na Kisomali, na vijana wa mitumba wanapiga kelele kwa Sheng ambayo sikuambulia hata neno. Nikafika kwa mama mmoja aliyetandika gunia juu ya kifuniko cha mtaro, sweta za watoto zimekunjwa vizuri. Alikuwa akimhudumia Msomali kwa Kisomali. Akaja Mkamba, akaongea naye Kikamba. Nikajisemea, huyu biashara anaijua. Kisha akanigeukia, akanisalimu kwa Kitaita.

Si Kitaita cha kuokoteza mjini, hapana. Kilikuwa cha kijijini kwetu hasa, na sauti ilivutwa alivyokuwa akiivuta marehemu mama yangu. Nilipaswa kuondoka pale pale, sivyo? Lakini nani hukimbia akisalimiwa kwa lugha ya kwao? Nilifurahi, nikachutama kuchagua.

Nikachukua sweta moja ya kijani. Nilipolipa, nikafanya tunavyofanya sote: "Na nyongeza, mama?"

Nyongeza unaijua: nyanya moja juu ya fungu, kitunguu cha kukuaga. Kwa nguo nilitarajia labda soksi. Yeye akaingiza mkono chini ya gunia, akatoa sweta nyingine ya kijani, sawasawa na ya kwanza, akaitia kwenye kikapu changu.

"Hii ni ya yule wa pili."

"Wa pili yupi? Picha ya kliniki imeonyesha mmoja."

"Chukua tu, mwanangu," akasema, na mimi nilimzidi umri.

Nikaona ananichuria mabaya. Nguo mbili kwa mtoto mmoja, tena hata hajazaliwa? Nikamrudishia, kwa ule ukali wa darasani ambao sijaustaafu mpaka leo. Hakukasirika. Aliikunja polepole, akaiweka mapajani.

"Basi nitamwekea mwenyewe."

Wiki tatu baadaye Mghoi akajifungua mvulana. Wakunga walikuwa wameanza kukusanya vitu vyao aliposhikwa na uchungu tena. Akaja msichana. Mzima, analia kwa nguvu, lakini mikono na miguu baridi. Nililia, na niamini, haikuwa furaha peke yake.

Kesho yake nikakimbilia sokoni. Pale juu ya mtaro hapakuwa na mtu. Nikamuuliza mama Mjaluo anayekaanga samaki kando yake.

"Yule wa sweta? Alikuwa Mjaluo, mtu wa kwetu kabisa. Alikaa siku moja tu, hajarudi."

Muuza vitambaa wa upande wa pili akadakia, "Mjaluo wapi? Yule ni Msomali, wallahi! Alinisalimu kama marehemu shangazi yangu."

Wakabishana. Mimi nikakalia ndoo ya watu.

Sasa msichana ana miaka mitatu. Madaktari hawajaona ugonjwa. Anakula, anacheza, kwa maneno anamshinda kaka yake. Lakini mshike mikono saa saba mchana, jua la Januari, utadhani ametoka kuchezea maji ya mtungi. Nimemfumia sweta tano za kijani. Kila moja anaivaa kidogo, anaivua, ananirudishia ikiwa imekunjwa polepole, na kukunja hakufundishwa na mtu.

"Shosho, hii si yangu," huniambia mimi bibi yake. "Yangu iko na ule shosho mwingine."

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa kuomba nyongeza. Ukipewa kubwa kuliko uliyotarajia, usijitie ujuaji. Pokea. Mimi kila nikija Nairobi huanzia sokoni, kabla hata ya kumwona binti yangu. Husimama karibu na ule mtaro katikati ya kelele zote zile, nikatega sikio kama kuna mtu atakayenisalimu kwa Kitaita. Akinisalimu, nitaomba msamaha kwanza, kisha nitamwomba ile sweta ya mjukuu wangu.