Mtani wa Bi Semeni

Bi Semeni alikufa Jumanne asubuhi, amekaa kizingitini kwake anachambua mchele. Mjukuu wake Khairat alikuwa mtaa wa tatu tu kutoka hapo, humo humo Chumbageni, ndani ya chumba ambamo hakuwa na ruhusa ya kutoka. Khairat alikuwa amekaa eda. Mumewe Yakoub alifariki kwa ajali ya pikipiki njia ya Pongwe, na siku hiyo ilikuwa ya sitini na tisa kati ya zile mia na thelathini za kukaa ndani bila wanja, bila manukato, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake.

Kulia angeweza kulia popote. Shida ni kwamba alikuwa na kazi kwenye msiba ule, kazi aliyopewa na marehemu mwenyewe. Kwao bibi na mjukuu ni watani, na siku bibi anapokufa ni haki ya mjukuu kuvaa nguo zake na kumwigiza uani, kabla jeneza halijatoka, mpaka waombolezaji wacheke huku machozi yanawatoka. Bi Semeni alikuwa na wajukuu kumi na mmoja, akamchagua Khairat. Tena alimfundisha. Alimtembeza uani akimkosoa: mguu huu mimi nauburuta, mke mwenzangu, ila kiuno changu hakijazeeka hivyo, usinisingizie.

Bi Semeni alikuwa mzaliwa wa Maramba, akaletwa Chumbageni bi harusi wa miaka kumi na saba, na tangu hapo mtaa haukutulia. Kwenye ngoma za harusi za wanawake, ambako wanaume hawaingii, yeye ndiye aliyekuwa mwanamume. Alivaa koti la mumewe na kofia, akajichora sharubu kwa masizi ya sufuria, akapita kuwaposa wanawake mmoja mmoja na kuwaahidi matunzo ambayo mwenye koti hakuwahi kuyatoa. Aliuza kachori miaka arobaini. Mteja alitukanwa kwanza ndipo akahudumiwa, na waliotukanwa vizuri walirudi kesho yake.

Alizika waume wawili, akakaa eda mara mbili. Ile ya pili, majirani walikuja kumpa pole asubuhi wakaondoka adhuhuri wameshika mbavu, mpaka kaka zake wakaja kuuliza kama hapa pana msiba au pana harusi. Aliwajibu kwamba amekatazwa mlango, hajakatazwa mdomo. Khairat alikuwa na miaka tisa wakati huo, akilala naye kitanda kimoja, na kila alfajiri aliukuta mto wa bibi yake umelowa. Hilo hakumwambia mtu.

Siku ya msiba mjomba wake alituma ujumbe kwamba shehe amesema mchana, kwa haja kama hii, anaweza kwenda na kurudi. Ujumbe ulimfikia mama mkwe wake, Bi Zuwena, ambaye nyumba ni yake. Bi Zuwena ni mtu wa Pemba, na huko kwao hakuwahi kuona maiti akifanyiwa vichekesho.

"Udongo wa mwanangu haujakauka," alimwambia Khairat, "nawe wataka kwenda kuchekesha watu."

Khairat alikasirika, na baya zaidi ni kwamba alijiona mkosaji, kana kwamba kutaka kumuaga bibi yake ni kumsaliti mumewe. Alikaa kwenye godoro akiutazama ukuta. Alasiri alisikia tahlili ya wanaume ikipita nyuma ya nyumba kuelekea makaburini, akajua imekwisha.

Binamu yake Suhaila alikuja baadaye kumpa habari. Nguo za bibi alipewa Rahimu, kaka yake Suhaila. Alipiga hatua tatu, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Hakuna aliyecheka. Bi Semeni alitolewa nyumbani kwake kimya kimya.

Khairat alinyanyuka. Bi Zuwena alikuwa pembeni anakunja nguo, lakini Khairat hakujali tena. Aliuburuta mguu, akashika kiuno, akamtukana mteja wa kachori aliyekuja na noti kubwa asubuhi na mapema. Suhaila akaangua kicheko. Khairat akajiweka sharubu kwa kidole, akamgeukia mama mkwe wake, akasema kwa sauti nzito kwamba koti analo, nyumba anayo, anakosa Bi Zuwena tu.

Bi Zuwena alicheka. Kilimtoka kabla hajajizuia, kicheko kikubwa cha kisichana, kisha akajiziba mdomo kwa nguo aliyoishika. Suhaila aliona aibu, akaaga akaondoka.

Bi Zuwena aliendelea kukunja, macho chini.

"Na Yakoub," akauliza, "wamuweza?"

Mke si mtani wa mumewe, na hakuna mila ya jambo kama hilo. Lakini walikuwa wamefungiwa wote wawili na marehemu mmoja siku sitini na tisa, na hakuna aliyewahi kumtajia mwenzake jina lake. Khairat akaenda kusimama ukutani. Alilaza shingo upande kidogo, mkono wa kulia ukapunga, wa kushoto akauweka ubavuni kama unaochezea funguo mfukoni. Akatembea hivyo mpaka mlangoni, akasimama mbele ya pazia, akageuka.

Bi Zuwena alikuwa ameacha kukunja.

"Rudia," alisema.

Khairat alirudi ukutani akaanza upya, akijua kwamba siku sitini na moja zilizobaki ataombwa hivi kila siku, na kwamba hataweza kukataa.