Zamu Yangu ya Mwethya

Diploma yangu nimeitundika mahali ambapo mteja akiingia dukani kwangu, ninapofundisha kompyuta, lazima aione kabla hajaniona mimi. Sioni haya kusema hivyo. Nilizaliwa Kitui katika nyumba ya nyasi, nikafanya ukarani Mombasa miaka tisa, nikarudi nyumbani na suti mbili, taipureta yangu mwenyewe na karo yote ya chuo mfukoni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna harambee iliyoitishwa kwa ajili yangu. Wako watu huku kwetu walioitiwa harambee tatu na hadi leo hawana cha kutundika.

Chuo kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la maduka mjini. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Tulikuwa na kompyuta sita, mwalimu mmoja wa kompyuta, na mkuu wa chuo aliyevaa tai pana hata wakati wa kiangazi. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na wengi wa wenzangu walikuwa wamemaliza kidato cha nne juzi tu. Waliniita Mzee wa Mombasa. Sikukataa.

Muhula wa mwisho mwalimu alitugawa makundi ya watu wanne, kila kundi litengeneze webusaiti ya biashara fulani. Internet yenyewe hatukuwa nayo. Kurasa zingeonyeshwa kwenye kompyuta ya ofisi mbele ya wageni, na kama zingependeza zingepelekwa Nairobi kwa disketi. Halafu akaongeza kwamba chuo kinataka msaidizi wa mwalimu, na kitamchukua kiongozi wa kundi litakaloshinda.

Nilienda nyumbani nikamwambia mama nimepata kazi. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa shukrani, na waumini wakapiga makofi. Hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja.

Kundi letu lilikuwa na rafiki yangu wa Matinyani, ambaye nilichunga ng'ombe naye utotoni. Yeye ndiye aliyeniandikia barua Mombasa kunijulisha kwamba chuo kimefunguliwa. Wa pili alikuwa dada mmoja wa Matiliku, ambaye mama yake aliongoza kikundi cha wanawake wanaosuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Wa tatu alikuwa kijana wa Zombe, Mwislamu, ambaye baba yake aliletwa na biashara ya mifugo kutoka kaskazini akabaki. Tukakubaliana kuwa webusaiti yetu iwe ya vyondo vya Matiliku, na kiongozi niwe mimi, kwa umri.

Rafiki yangu ndiye aliyesema, "Tufanye mwethya."

"Mwethya wa kompyuta?" kijana wa Zombe akacheka.

"Kwani kompyuta si shamba? Leo sote kwangu, kesho sote kwako."

Kwetu mwethya hauna maelezo mengi. Mwenye shamba huzunguka siku moja kabla, mlango kwa mlango, akiwaita watu. Kesho yake wanakuja na majembe, wanalima, yeye anawapikia. Zamu ikihama, naye anabeba jembe kwenda kwa mwingine. Aliyelimiwa akakosa kulima ana jina lake, na jina hilo humfuata hata kaburini.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya rafiki yangu, ukurasa wa kufungulia na historia ya kikundi. Alikuja kwetu kwa baiskeli asubuhi, akasimama uani bila kushuka. "Kesho ni kwangu, Mzee. Usiniangushe." Kesho yake alileta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyeandika ukurasa ule karibu wote, kwa sababu yeye alichapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa.

Zamu ya dada wa Matiliku ilikuwa kurasa za vyondo vyenyewe. Alizunguka dawati kwa dawati akituita, akanikuta kwenye ngazi. "Mzee, Jumamosi ni kwetu. Mama amesema asiyefika hatamsukia mkewe kiondo." Tulifika sote. Wanawake walitutandazia vyondo juu ya majani, wakatueleza mkonge unavyosokotwa kwenye paja na rangi inavyotoka kwenye magome. Nilipiga picha kumi na moja, kisha nikaenda Nairobi kwa nauli yangu, picha zikaingizwa kwenye disketi. Wenzangu hawakumjua mtu yeyote wa kufanya kazi hiyo. Mimi nilimjua.

Zamu ya kijana wa Zombe ilikuwa ukurasa wa bei na maagizo, na hapo alitufunza sote. "Usiandike bei moja," alisema. "Mteja akiona bei moja anaondoka. Andika tatu, wallahi atachukua ya katikati." Mama yake alitutumia mahamri.

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Nilitakiwa kuunganisha kurasa zote, mtu akibonyeza hapa atokee pale, kisha kuzijaribu moja moja kwenye mashine nyingine. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilifika mapema, nikafungua kompyuta namba nne, nikapanga viti vitatu kando yangu.

Saa tatu ikapita. Saa nne nikasimama dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli ya chai, niliwaona wote watatu kwenye meza moja. Rafiki yangu alikuwa akisimulia kitu kwa mikono, na dada wa Matiliku alikuwa amefunika mdomo kwa kicheko. Ningeweza kuita wakasikia, barabara yenyewe si pana. Sikuita. Nilirudi nikakaa katikati ya vile viti vitupu, nikafanya kazi peke yangu siku ile, na Ijumaa, na Jumatatu.

Niseme hapa jambo ambalo mwalimu mwingine angelificha. Diski ya ile mashine namba nne ilikuwa imejaa, kwa hiyo picha nilizibakiza kwenye disketi yangu, na kila ukurasa niliuelekeza uzitafute humo. Disketi ikiwa ndani, vyondo vinaonekana. Ukiitoa, ukurasa unatafuta picha na kuzikosa. Ni kosa la mwanafunzi. Leo wanafunzi wangu wakilifanya nawatoa nje. Kazi ile ilihitaji macho ya pili, mtu wa kuijaribu kwenye mashine nyingine huku mimi nikisahihisha, na macho hayo yalikuwa yakinywa chai.

Jumanne nilikutana nao kwenye ngazi. Rafiki yangu akaniuliza kazi imefika wapi, kama bwana shamba anayekagua mahindi.

"Nimechoka na nyinyi," nikamwambia. "Mmelimiwa mkashiba. Nimechoka kabisa."

"Unamaanisha nini?"

"Maana yake unaijua."

Nikapita. Hayo ndiyo niliyosema, wala sikuongeza neno. Yeye alikwenda kwa mwalimu akamwambia kwamba Mzee amejitoa, kisha akanakili kurasa kutoka mashine namba nne.

Siku ya kuonyesha kazi nilivaa suti ya kijivu. Ofisi ilijaa. Mkuu wa chuo alikuwepo na tai yake, na mbele kabisa walikaa wanawake watano wa Matiliku, wakiwa na leso mpya. Walikuwa wametoka kwao alfajiri ili wajionee vyondo vyao ndani ya kompyuta. Mama mwenyewe wa kikundi alinipungia mkono.

Rafiki yangu akasimama mbele. Akajitambulisha kuwa kiongozi wa kundi. Ukurasa wa kwanza ukafunguka, ule nilioandika mimi huku yeye akila muthokoi wake, na chini yake nikasoma waliotengeneza. Walikuwa watatu.

Mama yangu alikuwa ameshatoa shukrani. Kanisa zima lilikuwa limepiga makofi.

Akabonyeza kwenda kwenye vyondo. Hakuna kiondo kilichotokea. Palikuwa na visanduku vyeupe kumi na kimoja, kila kimoja na alama nyekundu ya msalaba. Akabonyeza tena. Misalaba ile ile. Kijana wa Zombe akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu, umeharibu nini?" Naye akajibu, "Sijagusa kitu, mimi."

Mama wa Matiliku akainua shingo. "Vyondo viko wapi?" akauliza. "Au hivyo visanduku ndivyo?" Wanawake wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoanza kuona haya.

Disketi ilikuwa mfukoni mwangu. Niliishika kwa nje ya koti. Nikiketi kimya, kundi linaanguka, na kazi inakwenda kwa mtu wa kundi lingine, si kwake. Nikisimama, ninamkabidhi kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijua hivyo waziwazi. Rafiki yangu akanitazama, akasema mbele ya watu wote, kama aliyekuwa akinitarajia, "Mzee, hebu saidia."

Kwa ajili yake nisingeinuka. Niliinuka kwa sababu ya wale wanawake, waliotoka mbali na leso mpya. Nilienda mbele, nikaingiza disketi, nikabonyeza mara moja. Vyondo vikaja kimoja baada ya kingine, kutoka juu kushuka chini, polepole kama pazia linaloteremshwa. Mama wa kikundi alipiga kelele za furaha. "Kile ni changu! Kile cha mistari!" Wageni wakapiga makofi, na rafiki yangu akainamisha kichwa kuyapokea.

Kazi alipewa yeye wiki hiyo hiyo. Mwalimu aliniambia, "Wewe ulijitoa, lakini alama zako nitakupa, maana nimeona kazi." Diploma nikapata, na alama zangu zilizidi zake. Zipo, mtu akitaka kuziona.

Nilimkabili nje ya chuo. "Ulilimiwa na mimi," nikamwambia. "Siku yangu mkaenda kunywa chai."

Hakuona haya. "Hukutuita, Mzee. Sisi wote tulizunguka tukaita. Wewe ulipanga viti ukasubiri. Nani huenda mwethya ambao hakuitwa?"

"Siku mliijua."

"Siku tuliijua. Lakini hukuita. Uliona aibu kutuomba, mtu mkubwa kama wewe."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi, na nakiri nusu yake ni kweli. Sikuita. Tangu nilipotoka Mombasa nilikuwa nimeapa kwamba sitamwomba mtu. Lakini asiyeitwa hukosa kuja, basi. Hafuti jina la mwenye shamba na kuvuna.

Nyumbani mama aliniuliza lini ninaanza kazi. Nilimwambia hawakuniona wa maana. Hakuuliza tena, wala hakusimama tena kanisani kwa muda mrefu.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, nikasikia baiskeli uani. Rafiki yangu hakushuka. Mkuu wa chuo alikuwa amemwagiza atengeneze webusaiti ya chuo kizima, na kazi ilikuwa imemshinda. Alivua kofia akaita kama inavyotakiwa, kwa jina langu, mlangoni pangu, siku moja kabla.

"Kesho ni kwangu," alisema. "Nimekuja kukuita."

Baba yangu hakuwahi kukataa mwethya maisha yake yote, hata alipoitwa na mtu waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mama alikuwa akipepeta mahindi karibu, akautuliza ungo mikononi, akanisubiri.

"Jembe langu limevunjika mpini," nikamwambia.

Alitazama nyuma yangu, ukutani, ambapo jembe langu lilikuwa limeegemezwa na mpini mpya, mweupe, niliouchonga wiki ile. Akavaa kofia yake, akageuza baiskeli. Mama akaanza tena kupepeta.