Simu ya Kwanza Ilipigwa Kutoka Barabarani

Siku yangu ya kwanza kazini Sandton, Johannesburg, mwaka 2015, Meneja wa Miradi hakunipa hata kiti. Alinisimamisha mbele ya kabati la chuma lililojaa nyaya akauliza, "Mama, hiki ni nini?" Nikamjibu ni geti la sauti: upande huu linapokea laini ya kampuni ya simu, upande ule linaipeleka sauti kwenye mtandao wa kompyuta. "Na kazi iko wapi hapo?" "Kwenye ishara," nikasema. Akaguna, akaenda zake kunywa kahawa.

Nyinyi wa leo mnabonyeza tu, simu inaita. Kabla sauti haijapita, mashine mbili lazima zielewane: nani anapiga, anamtafuta nani, nani amekata. Mazungumzo hayo ndiyo ishara, nayo yana njia yake kwenye laini. Fundi anayeyapanga huchagua mashine zitaongea kwa mtindo gani, upande upi uongoze na upi ufuate, kisha huliambia geti namba zitaletwaje: nzima, au tarakimu za mwisho tu. Ukikosea hapo mwisho, taa zitawaka kijani, wa ndani watapiga nje bila shida, lakini anayepiga kutoka nje ataambiwa namba haipo.

Ndiyo maana mimi, niliyefundwa na mitambo ya simu ya Nakuru, sikung'oa laini ya zamani kabla sijatoka nje ya jengo. Kila mara nilisimama kando ya robot, yaani taa za kuongozea magari, honi za teksi zikinipigia masikioni, karibu na mama wa mahindi ya kuchoma, nikapiga namba ya mteja kwa simu yangu mwenyewe. Mtu wa ndani akisema halo, ndipo kazi imekwisha. Mafundi wenzangu walinicheka sana, halafu na wao wakaanza kutoka.

Mhandisi Mkuu alikuwa Mkenya mwenzangu. Tulisali kanisa moja, na kila Jumapili aliniamkia, "Shikamoo, Mama Kendi," mikono miwili. Alijua mkataba wangu unakaribia kuisha. Alijua pia kwamba bila mkataba hakuna kibali cha kazi, na bila kibali binti yangu Kendi hamalizi shule Johannesburg. Kendi alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu.

Kazi ya mwisho, 2018, ilikuwa zahanati moja ya binafsi katikati ya jiji. Nilipanga geti kwa namba nzima, kama nilivyoagizwa. Taa zikawaka kijani. Nikachukua simu yangu nitoke.

"Unaenda wapi?" akauliza Meneja wa Miradi. Wenye zahanati walikuwa wamekwisha kukata keki ya kuzindua simu mpya.

"Barabarani, kujaribu simu ya kuingia."

"Eish, Mama! Taa ni kijani. Ng'oa ya zamani, watu wanangoja."

"Nipe dakika chache tu, bwana."

"Nimesema ng'oa."

Nikamtazama Mhandisi Mkuu. Akatazama keki. Nikang'oa.

Kesho yake, asubuhi nzima, wagonjwa walipiga wakaambiwa namba haipo. Mchana mama mmoja kutoka mtaa wa Malvern alifika na mtoto mwenye homa kali, akafoka mapokezi kwamba amepiga mpaka simu ikazimika. Nilifungua geti, nikaona kampuni ya simu inaleta tarakimu za mwisho tu. Nikabadilisha, simu zikaanza kumiminika. Mtoto alitibiwa akapona, namshukuru Mungu.

Kumbe kampuni ya simu ilikuwa imetangaza badiliko hilo kikaoni wiki iliyotangulia. Kikaoni walikuwepo Meneja na Mhandisi Mkuu. Mimi sikuitwa, wala sikuambiwa. Meneja akamwambia mteja, nikisikia kwa masikio yangu, "Ni yule fundi wetu wa kigeni. Tutamshughulikia."

Nilimfuata Mhandisi Mkuu kwenye maegesho. "Sema ukweli, mwanangu. Neno moja tu."

"Mama Kendi, na mimi niko hapa kwa kibali chao. Tumeze tu. Nitakuombea."

Na kweli aliniombea! Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima akamwomba Mungu anifungulie milango, mtu aliyekuwa na ufunguo mfukoni. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, na sijajuta.

Mkataba haukuongezwa. Mwaka 2019 nilistaafu bila kupenda, tukarudi Nakuru. Kendi, aliyekuwa amesoma miaka hiyo yote kwa Kiingereza na Kizulu, alirudishwa madarasa nyuma, kati ya watoto waliomcheka kila alipofungua mdomo kusoma Kiswahili. Jioni moja aliniuliza, "Mama, ulikosea nini kule?" Nikamwambia sikukosea kitu. Akanitazama kama mtu anayetaka kuamini.

Watu huniambia nisamehe, nilime sukuma wiki, nipumzike. Nalima. Uchungu haujapungua hata kidogo, na msiniombe niuite busara.

Juzi nilitoka mpaka barabarani, nikapiga namba ya zahanati ile. Iliita mara moja tu. Binti wa mapokezi akapokea kwa sauti safi, kama yuko jikoni kwangu, akauliza anisaidie nini. Nikamwambia samahani, nimekosea namba. Sikuwa nimekosea. Niliipanga mimi.