Mama Vifungo, mfagizi wa ndege anayeshona vichezeo visivyopiga kelele

Saa nne na dakika kumi asubuhi, abiria wa mwisho bado hajamaliza ngazi, na wanawake wanane wenye aproni za buluu wameshajipanga chini ya bawa. Kila mmoja ana mfuko wa taka begani na glavu mikononi. Mlango wa nyuma unafunguliwa, wanapanda kwa haraka ila bila kukimbia, maana kukimbia ndani ya ndege ni kosa. Wana dakika thelathini na tano. Viti ni mia moja sitini na mbili.

Wa tatu katika msururu ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, anayeegemea upande mmoja akitembea kwa sababu ya goti la kushoto. Kazini hapa hakuna anayetumia jina alilopewa na wazazi wake. Ni Mama Vifungo, kuanzia kwa wafagizi wenzake hadi kwa marubani wawili watatu waliozoea kumsalimia.

Anapofika safu ya kumi na saba anapiga magoti, anachungulia chini ya kiti, kisha anacheka peke yake.

"Hapa alikaa mtoto," anasema. "Mwaka mmoja na nusu, labda miwili. Na mama yake leo kaona nyota mchana."

Ushahidi upo wazi kwa anayejua kuusoma. Biskuti imesagwa mpaka imekuwa unga. Pembe ya kadi ya maelekezo ya usalama imetafunwa. Mgongo wa kiti cha mbele una alama za kiatu kidogo, zimepangana kama mhuri.

"Alikuwa anampiga mateke wa mbele safari nzima," anasema huku akifuta alama hizo kwa kitambaa chenye sabuni. "Na wa mbele kageuka mara ngapi, Mungu ndiye anajua."

Ana miaka kumi na mmoja katika kazi hii. Kwa miaka tisa ya mwanzo, anakiri, hakuwa na huruma hata chembe kwa akina mama wa namna hiyo. "Nilikuwa nasonya. Nasema, huyu naye, mtoto mmoja tu kamshinda? Yaani mimi nilijiona mjuzi, na sijawahi hata kuruka."

Hilo ndilo lililokuwa kichekesho cha wenzake. Alikuwa ameingia na kutoka ndani ya ndege maelfu ya mara, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuondoka naye.

Miaka miwili iliyopita simu ililia akiwa anaanika nguo uani. Alikuwa binti yake wa pekee, muuguzi anayefanya kazi nchi ya mbali, mwendo wa saa nane angani. Binti alikuwa na mimba ya pili, ya miezi mitano. Madaktari walikuwa wamemlaza na kumkataza hata kushusha miguu kitandani. Mumewe anafanya kazi ya zamu katika ghala, leo mchana, kesho usiku. Nyumbani kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minne, na hakuna wa kumwangalia.

"Mama," binti alisema, "njoo umchukue."

Mkwewe akatuma tiketi. Siku ya kuondoka, wenzake walimsindikiza mpaka mlangoni wakimtania. "Leo ukae utulie, usije ukainuka kufuta meza za watu." Hata hivyo alifuta. Alifuta meza yake, akafuta na za majirani zake wawili, kwa sababu mikono haikujua la kufanya. Ndege ilipoanza kukimbia barabarani alishika kiti kwa nguvu zote. "Nilitaka niwaambie wanisubiri kidogo nishuke," anasema.

Safari ya kwenda ilikuwa hofu tu. Ya kurudi ndiyo iliyombadilisha.

Hospitalini, mjukuu alimbusu mama yake akidhani watarudi kesho yake kama kawaida. Alielewa wakiwa tayari wamefungwa mikanda. Akatazama kiti cha kushoto, akatazama cha kulia, akauliza, "Mama yuko wapi?" Kisha akaanza kulia.

"Kulia kwenyewe si kule kwa kudeka," Mama Vifungo anasimulia. "Huku kulitoka tumboni. Nilimpa maziwa, akayamwaga. Nilimwimbia, akanifunga mdomo kwa mkono. Nikamwambia, mume wangu, nyamaza basi, watu wananitazama. Ndiyo kwanza akaongeza."

Wakati ndege inapanda, masikio nayo yakawa yanamuuma. Bibi hakujua kwamba mtoto anatakiwa kunyonya au kumeza kitu wakati wa kupanda na kushuka ili masikio yazibuke. Alikuja kuambiwa baadaye na mhudumu wa ndege, msichana mdogo aliyemletea maji kwenye kikombe cha karatasi akisema kwa upole, "Shikamoo, mama. Mpe anywe kidogo kidogo."

Saa nzima ikapita, na nusu yake tena. Mwanamke wa upande wa pili alijifunika uso kwa shali. Kijana mmoja aliomba kuhamishwa kiti. Mbele yao alikaa mzee mwenye nywele nyeupe, koti zuri la suti amelikunja mapajani, karatasi zake mezani. Aligeuka mara ya kwanza, akatazama tu. Mara ya pili akashusha miwani. Mara ya tatu akasema, kwa sauti iliyosikika safu nne nyuma:

"Mama, huyu mtoto hana dawa?"

Mama Vifungo anasema maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. "Dawa yake tumeiacha, mzee wangu. Imelazwa hospitali, imekatazwa kusimama."

Mzee akageukia mbele. Bibi naye machozi yakaanza kumtoka, ya aibu na ya uchovu, na ya kumfikiria mwanawe kule kitandani. Ili mjukuu asimwone akainamisha kichwa na kujifuta kwa ukosi wa sweta.

Sweta hilo lilikuwa la zamani, la sufu, lenye vifungo sita vikubwa vya mbao. Mtoto aliona mkono wa bibi ukivuta ukosi, akaweka kidole kwenye kifungo cha juu. Akakisukuma. Kikatoka tunduni.

Kilio kikakatika katikati.

"Nikamwambia, umenivua nguo, mume wangu! Nifunge basi, nasikia baridi." Mtoto akajaribu kufunga. Akashindwa. Akajaribu tena, ulimi nje, kamasi zikitiririka. Kilipoingia, akafungua cha pili.

Vile vifungo sita vilimchukua karibu dakika arobaini. Baadaye ikawa kamba ya kiatu cha bibi, kuitoa matunduni na kuirudisha. Baadaye tena vikombe vitatu vya karatasi na bahasha ya tiketi iliyojificha chini ya kimoja. Vyote hivyo havikutoa sauti.

Zikiwa zimebaki saa tatu, sweta likachosha. Mtoto akaanza kununa, mdomo ukitetemeka. Hapo yule mzee wa mbele akasimama. Mama Vifungo anasema alijua sasa anakwenda kumwita msimamizi wa wahudumu. Badala yake alipitisha koti lake la suti juu ya kiti.

"Hili lina vinne mbele na vitatu kila mkono," akasema. "Na mifuko mitano. Mmoja uko ndani, mwambie autafute."

"Litachafuka, mzee."

"Litafuliwa," akajibu, akakaa.

Ndege ilipotua mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya koti la mtu asiyemjua, ametia mate kwenye kola. Mzee alilichukua taratibu, akalivaa hivyohivyo, akashuka. Hawakuulizana majina.

Mjukuu alikaa kwa bibi yake miezi mitano. Usiku wa wiki ya kwanza alilala ameshika sweta. Bibi alipoona hivyo akaanza kufikiri kama mtu anayejua ndege kwa ndani. Alijua kwamba kitu cha mviringo kikianguka safu ya kumi utakiokota ya thelathini. Alijua penseli za rangi huishia kwenye reli za viti, na kwamba kichezeo chenye betri huamsha safu sita. Alikuwa amevizoa vyote kwa mikono yake.

Akakata sweta jingine kuukuu, pazia, na suruali ya marehemu mumewe, akashona kitabu cha kurasa saba za kitambaa. Ukurasa wa kwanza vifungo, wa pili zipu, wa tatu kamba ya kusuka, wa nne mifuko ndani ya mifuko. Kila kipande kimefungwa kwa uzi imara mgongoni mwa kitabu ili kisidondoke wala kuingia mdomoni kikabaki huko. Vifungo huvishona mara tatu, kisha huvivuta kwa koleo.

Ile tepe ya kunata inayobanduliwa kwa kuvuta aliijaribu akaitupa. "Inalia krrr! Ukimbandulia jirani sikioni mara hamsini, utapigwa." Hadi leo kila kitabu kikiisha hukiangusha kwenye sinia la bati. "Kikilia, hakipandi ndege."

Mkwewe alipokuja kumchukua mtoto, kitabu kilikwenda nao. Baada ya siku mbili binti akapiga simu, sasa akiwa nyumbani na kichanga cha kike kifuani. Alisema mume wake amelala nusu ya safari, jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Wahudumu walikuwa wameuliza kitabu kimenunuliwa wapi.

Sasa wanashona wawili, yeye na wifi yake, fundi cherehani mwenye kiduka cha vifaa vya shule. Wakijitahidi hutoa vitabu tisa kwa wiki. Kimoja huuzwa kwa bei isiyozidi sahani mbili za chakula cha mgahawani, na wifi hulalamika kila siku kwamba ni hasara. "Wifi yangu huyu angeachiwa angevigawa vyote na cherehani yangu juu," anasema akikata uzi kwa meno.

Kugawa ndiko kulikomponza Mama Vifungo. Mwaka jana, akiwa amevaa sare na kuelekea zamu, alimkuta ukumbini mama mwenye mapacha wakilia kabla hata ya kuingia ndege. Alikuwa na kitabu kimoja mkobani. Akakitoa, akampa, akaendelea na safari yake. Mtu akaona, akapeleka maneno.

Msimamizi alimwita ofisini. Wafanyakazi wa usafi hawaruhusiwi kufanya biashara ndani ya uwanja.

"Sikumuuzia," alimwambia. "Nimempa. Kutoa nako ni biashara?"

"Mama, kanuni haina ukurasa wa huruma," msimamizi akajibu, na inaelekea hakufurahia kusema hivyo. Akasimamishwa wiki tatu bila malipo.

Zilikuwa wiki ngumu. Aliuza redio. Alikunywa chai kavu na kumdanganya binti yake kwa simu kwamba yuko likizo. Kilichomuuma zaidi, anasema, si njaa. "Ni kule kupita getini nikirudisha kitambulisho, vijana wa ulinzi wananitazama kama mwizi. Miaka kumi sijaokota hata sarafu ya mtu nikaiweka mfukoni."

Aliporudi kazini alikuta kabatini mwake mfuko wa nailoni. Wafagizi wenzake saba walikuwa wamekusanya vifungo kutoka kwenye nguo kuukuu za majumbani mwao. Vilikuwa vya kila rangi. Alikaa kwenye benchi akalia mpaka wakamwambia ndege imetua, mama, utalilia huko huko juu.

Goti halitamvumilia muda mrefu. Anataka kufanya kazi mwaka mmoja zaidi, kisha akodi chumba kilicho jirani na duka la wifi, aweke cherehani ya pili, na awachukue wawili kati ya wale saba ambao migongo yao nayo imeanza kulalamika.

Kabla ya hapo kuna jambo lililo karibu zaidi. Mwisho wa mwezi ujao binti yake anakuja mapumziko na watoto wote wawili. Yule wa kike sasa ana mwaka mmoja na miezi minane, na bibi hajawahi kumbeba. Kitabu chake kimeshatumwa kwa posta, lakini si kama vile vingine. Binti alisema mtoto huyu vifungo havimhusu kabisa, kazi yake ni kuvua watu viatu. Basi bibi ameshona ukurasa wa kiatu kimoja chekundu kinachovuliwa na kuvalishwa, na ndani yake mguu wa kitambaa wenye vidole vitano.

Ameomba likizo ya siku tatu. Fomu iko mezani kwa msimamizi, jibu bado. Wenzake wamemshauri aiache, maana akiwa zamu atawaona mapema zaidi, wakiwa bado ngazini, tena bila kupanga foleni.

Amekataa. Ameshanunua gauni, na viatu vya kufunga kwa kamba kwa ajili ya huyo mvua viatu.

"Sitaki wanikute na ufagio," anasema akiwa chumbani kwake, akikunja aproni yake mara nne na kuiweka mapajani. "Siku hiyo nataka nisimame kule nje, kwenye kile chuma cha kuzuia watu, nisukumane na wanaosubiri wageni wao. Mlango ukifunguka, na mimi ninyooshe shingo."

Anainyoosha kuonyesha itakavyokuwa, macho yakitazama mlango wa chumba chake uliofungwa.