Maboksi ya Ndizi ya Atanas

Jumamosi ile Benedicta alikuwa amepiga magoti kwenye meza ya matunda, katika duka la chakula anapofanya kazi pale Hallunda, kando ya Stockholm, akitenganisha ndizi nzima na zilizopondeka, aliposikia mtu anakohoa nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka. Kikohozi kile anakijua miaka kumi na minane sasa. Ni cha Atanas, Mbulgaria, mtunza majengo wa mtaa wao, mtu ambaye hasemi neno kabla ya kukohoa, kama anayeomba ruhusa kwa koo lake mwenyewe.

"Samahani, Benedicta. Unaweza kunipatia maboksi ya ndizi? Yale magumu. Kumi na mawili."

Sweden nzima inajua kazi ya boksi la ndizi. Mtu akiomba mawili, anapanga stoo. Akiomba kumi na mawili, anahama.

"Unahamia wapi?"

"Nyumbani. Kwa dada yangu, Vidin. Mwezi wa pili."

"Likizo hiyo?"

"Hapana. Nimemaliza."

Benedicta akasimama, magoti yakalia. Kwa mtu mwingine angesema safari njema akaendelea na ndizi zake. Lakini huyu alikuwa Atanas, na mtaa ule bila Atanas ni nyumba bila mlango.

Alikuja Stockholm akiwa kijana na ufundi wa kuchomelea vyuma, akiwa na mke wake Violeta na sufuria moja ya shaba. Kazi ya vyuma ilipoharibu mgongo wake, akapewa kutunza majengo. Wengine wakipewa kazi hiyo wanabadilisha balbu na kubandika matangazo. Atanas alitazama ngazi zilizoganda barafu, akauliza nani hutoka wa kwanza asubuhi. Akaambiwa ni wale wanawake wanaosafisha ofisi kule Kista, wanaowahi treni ya kwanza. Tangu siku hiyo, kila barafu ilipoganda, wanawake wale walikuta kokoto za kuzuia kuteleza zimeshamwagwa kutoka mlangoni hadi stesheni. Miaka kumi na minane, hakuna hata mmoja aliyevunjika kiuno. Lifti ilipokufa siku tatu, alimbeba mama mzazi wa Josiane, yule Mkongo wa ghorofa ya saba, amefungwa kwenye kiti mgongoni mwake, huo mgongo mbovu, kwenda hospitali na kurudi. Josiane alipompelekea kuku wa shukrani, alimpokea kwa mikono miwili, kesho yake akarudisha chombo kikiwa kimejaa pilipili hoho za kuchoma. Mtu wa hivyo.

"Kwani nani amekufukuza?" Benedicta akauliza.

"Hakuna aliyenifukuza. Ni kwamba sina mtu, basi." Akakohoa. "Kesho ni siku ya jina langu."

Benedicta alikuwa anajua siku za majina. Kalenda ya Kiswidi ina jina kila tarehe, na kesho, tarehe kumi na nane Januari, imeandikwa Hilda. Atanas hayumo humo mwaka mzima.

"Kwetu ni sikukuu kubwa kuliko ya kuzaliwa," Atanas akaeleza. "Na hualiki mtu. Unapika kabichi ya kukunjia nyama, unafungua mlango, unangoja. Anayekukumbuka anakuja. Ukialika, umeomba, na kukumbukwa hakuombwi. Zamani walikuja jamaa zetu wawili. Mmoja akarudi kwetu, mwingine akahamia Malmö. Violeta akafa. Mwaka huu ni wa tisa napika, naandaa sahani, chakula nakila mimi mwenyewe siku nne." Ghafla akashtuka, uso ukawa mwekundu. "Sikualiki! Tafadhali, usielewe vibaya. Nimekuja kwa ajili ya maboksi tu."

"Sijasikia kitu," Benedicta akasema. Kisha likamjia jambo. "Atanas. Lile shati lako jeupe la hariri. Kila Januari nakuona kilimani nyuma ya jengo, bila koti, unapiga kelele kwenye theluji."

Atanas akacheka kidogo. "Aa. Hiyo ni ya babu yangu. Wazee wetu husema siku hiyo Mtakatifu Atanas huvaa shati la hariri, hupanda mlimani na kuiambia baridi iondoke, jua lije. Babu naye aliitwa Atanas. Alikuwa mchimba visima, hakuwa na hariri, alivaa blauzi ya bibi. Mimi Violeta alinishonea."

Alipoondoka, ameshaahidiwa maboksi, Benedicta alibaki ameshika ndizi moja hadi ikapondeka.

Maana ni yeye aliyesababisha. Miaka minane iliyopita alimwona kwa dirisha la jikoni, ameinua mikono juu kilimani na shati lake jeupe, na jioni hiyohiyo kwenye mazoezi ya kwaya ya Kiswahili akatangaza: "Yule mjane anakunywa, jamani. Anakunywa mpaka anapigana na theluji. Msimsogelee nyumbani kwake." Kwaya ikacheka, ikaamini, maana ulimi wa Benedicta ukisema kitu hukisema vizuri. Tangu hapo watu walimsalimia Atanas kwenye ngazi na kupita. Kokoto zake walikanyaga. Mlango wake hawakugonga.

Nyumbani alimkuta mumewe Evodius anatazama mpira.

"Baba Rita, kesho tukitoka kanisani tunakwenda kwa Atanas."

"Ametualika?"

"Hajatualika."

"Sasa tunaendaje?" Evodius akachukua simu. "Ngoja nimwandikie, nimuulize kama saa nane inamfaa."

Benedicta akamnyang'anya ile simu kabla hajagusa herufi. "Wewe! Ulizaliwa Bukoba wewe, au ulizaliwa kwenye ofisi ya kodi? Baba yako aliwahi kumwandikia nani kabla ya kwenda kumsalimia?"

"Mama Rita, huku si Bukoba. Huku ukigonga mlango wa mtu bila taarifa anadhani kuna moto."

"Hapo ndipo tulipopotelea. Yeye kwao hawaaliki, sisi kwetu hatualikwi, na wote tumekaa miaka tisa tunangojana kama Waswidi."

Josiane naye kwenye simu alikuwa mgumu. "Ma sœur, dada yangu, mimi siwezi ingia kwa mutu hivyo hivyo. Na wewe mwenyewe si ulisema iko mulevi?"

"Nilisema. Nilisema uongo."

Benedicta kukiri kosa ni kitu ambacho Josiane hakuwahi kukisikia, akadhani mtandao umekatika.

"Dada Bene? Uko?"

"Nipo. Anahama, Josiane. Ameniomba maboksi. Na ni mdomo wangu unaomhamisha. Waambie wenzetu wa kwaya. Usiwaambie wamhurumie, usiwaambie wamwage machozi. Waambie ni sikukuu, kuna chakula."

"Chakula gani?"

"Kabichi iliyokunjiwa nyama."

"Tunakuja," akasema Josiane.

Jumapili saa nane mchana walikuwa kumi na saba mbele ya mlango wa ghorofa ya chini. Wengine walitoka hadi Hässelby, mwisho kabisa wa reli ya kijani. Evodius alibeba maboksi kumi na mawili kwa kurudi mara tatu, kwa sababu Benedicta alikuwa ameahidi, na ahadi ni ahadi hata kama inakukata tumbo. Ndani ya boksi moja Benedicta aliweka ndizi za kupika. Mkononi alishika kijikasha cha kahawa ya kutafuna kutoka kwao, ile wanayopewa wageni wakubwa.

Akagonga. Wakasikia kikohozi. Mlango ukafunguka, na Atanas alikuwa ndani ya shati la hariri, suruali ikiwa bado imelowa theluji ya kilimani hadi magotini. Akatazama watu wote wale.

"Kuna moto?" akauliza.

Evodius akamgeukia mkewe. "Si nilikwambia?"

"Hakuna moto," Benedicta akasema. "Ni siku ya jina lako. Hukutualika, tumekuja."

Atanas akasogea ukutani, wakapita mmoja mmoja, na kila aliyepita alimshika bega kidogo, kama anayehakikisha kwamba ni mtu. Mezani kulikuwa na sahani nane. Mkate wa duara haujakatwa. Sufuria ya shaba inatoa mvuke.

Wakala wakishika sahani kwa zamu, wakaongea wote kwa pamoja, Kiswidi kikavunjwa vipande. Josiane akataka kujua hilo jina ni la nini hata liwe na sikukuu.

"La mtu wa kwenu," Atanas akasema. "Atanas wa kwanza mwenye sifa alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri. Mwafrika. Alikuwa anasema ukweli bila kupunguza, wafalme wakamfukuza mara tano. Miaka kumi na saba ya uhamisho. Na kila mara akarudi."

"Mara tano!" Josiane akapiga makofi. "Huyo mukimbizi wetu kabisa. Mimi walinifukuza mara mbili tu, nikajiona mukubwa."

"Na sisi tunao," Evodius akasema. "Jirani zetu Uganda, katika wale mashahidi waliouawa na kabaka, mmoja ni Athanas. Na fundi aliyejenga nyumba ya baba yangu, Athanas. Mwenye makengeza, lakini ukuta wake umenyooka mpaka leo."

"Wote wabishi?" Atanas akauliza.

"Wote."

Benedicta aliweka sahani chini. "Atanas, mimi ndiye niliyewaambia watu unalewa. Kwa sababu ya hilo shati. Ndiyo maana hawakuja."

Atanas akatafuna polepole, akameza.

"Najua. Niliambiwa kwenye ngazi, wiki ileile."

"Unajua? Na wiki iliyofuata ulikuja kunitengenezea hita!"

"Hita haikuwa imesema kitu."

Josiane ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, na Benedicta akacheka akilia, akijifuta kwa kiganja. Alimpa Atanas kile kijikasha. Akachukua punje moja ya kahawa, akatafuna, akakunja uso kwa ule uchungu, akachukua ya pili.

Viti havikutosha, bila shaka. Waliokosa walipanga maboksi ya ndizi mawili mawili wakakalia. Evodius, ambaye si mtu mwembamba, alizamisha la kwanza akiwa katikati ya wimbo, miguu ikaelekea dari. Baada yake wimbo ukapanda hadi sauti tatu za kwaya, wakaanza kucheza chumba kizima, na mengine yakakanyagwa. Jioni walipoaga kwa kelele, maboksi mazima yalibaki matatu.

Jumatatu Benedicta alikuwa kwenye ndizi zake. Akasikia kikohozi.

"Benedicta. Maboksi tisa yameharibika. Nahitaji mengine."

"Hatuna," akasema bila kugeuka.

Kando yake maboksi yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari. Atanas akayatazama kutoka juu hadi chini, kwa makini, kama anavyokagua ukuta wenye unyevu.

"Hamna kabisa?"

"Kabisa. Pengine Januari ijayo."

Akakohoa, akafikiri. Kisha akachukua chane moja ya ndizi mbivu.

"Basi nitangoja," akasema, akaenda kulipa.