Taa Nyeupe ya Nyuma

Mbuzi wawili pale alipotakiwa mmoja, mfuko mzima wa chumvi, koti la mkwe lililokuwa limepigwa pasi, na jina langu: hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa taa ya baiskeli, na nimehesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Jina nimeliweka mwisho maana ndilo peke yake ambalo bado nalilipa. Mpaka leo nikipita barabara ya Kambove watoto wananiita "Yomba wa Kinyumenyume", nami nashuka, natafuta jiwe, halafu nakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima. Cheka ukitaka. Mimi sicheki.

Ilikuwa miaka ile Zaïre inaoza tukiwa ndani yake. King'ora cha mgodi kimenyamaza, petroli hakuna, noti ulizopokea asubuhi jioni unafungia karanga, na umeme wa bwawa la Mwadingusha unapita juu ya vichwa vyetu kwenda kusikojulikana huku chini tukipapasa kuta. Kila kitu cha mji wetu wa Likasi kilipanda baiskeli: makala ya kupikia, unga, wagonjwa, hata mahari. Mahari, ndiyo. Kasongo, mtoto wa dada yangu, alikuwa amempata Béatrice, na mimi kama mjomba (kwetu tunasema yomba) ndiye niliyepaswa kupeleka vitu, yaani mbuzi, chumvi na koti la baba mkwe, ukweni kwa mkono wangu. Tulikuwa tumeshaahirisha mara mbili kwa kukosa mbuzi, na baba ya msichana akatuma neno: Jumamosi jioni vitu visipoingia nyumbani kwake, kuna kijana wa Kolwezi mwenye pikipiki. Kasongo tangu asikie hilo neno la pikipiki alikuwa hali, anatafuna kola ya shati.

Mbuzi nikampata Jumamosi yenyewe, mchana umekwisha. Nikaiambia familia itangulie kwa miguu, mimi nitafuata na vitu, ila nipate taa kwanza, kwa sababu barabara ile ina mashimo yanayoweza kumeza mtu na kofia yake.

Sokoni Kikula alikuwepo Papa Mbayo, anayetandika vipuri vya baiskeli juu ya gunia na kuvipangusa kana kwamba ni meno ya dhahabu. Tochi ya kufunga kwa mpira nikaikataa, maana betri za wakati ule ulizianika juani kama samaki ili zikupe mwanga wa kumuona mende. Nikataka dinamo, ile inayojisugua kwenye tairi na kula miguu yako tu. Papa Mbayo akaitoa, na taa mbili: ya mbele nyeupe, ya nyuma nyekundu. Chupa tano za mafuta ya mawese. Mimi nilikuwa na nne.

"Toa ile nyekundu," nikamwambia, "uniwekee nyeupe ingine, ile kuukuu iko pale. Chupa ine."

"Zamani polisi alikuwa anauliza nyekundu, Papa."

"Polisi mwenyewe iko na kinga, baiskeli yake?"

"Hapana."

"Basi ataniulizia kwa miguu? Mwangaza ni mwangaza. Funga."

Akafunga. Hakusema neno zaidi, muda wote anaziangalia chupa zangu. Akapitisha waya mmoja mbele na mwingine nyuma chini ya kiti cha mizigo, akainua baiskeli, akazungusha gurudumu, zikawaka zote mbili, hafifu, rangi ya chai. Nikazihesabu: moja, mbili. Nikazihesabu tena. Niliondoka pale najisifu kwamba nimeokoa chupa nzima ya mafuta (ile chupa iliyobaki sikuwa nayo, lakini niliiokoa).

Mbuzi nikamtia ndani ya gunia, kichwa nje, nikamfunga nyuma. Chumvi nikaitundika kwenye usukani. Koti la mkwe nikalivaa mwenyewe ili lisikunjike. Najua. Usiniambie kitu.

Sasa, wengine mnajua ile desturi: shangazi za msichana wanatoka kuwangojea wageni barabarani, wanawazuia kwa nyimbo mpaka wapewe kitu kidogo. Siku ile walisimama pale reli inapokata barabara, gizani, wakiongozwa na Tantine Georgette, dada ya mkwe, mama wa maombi ambaye kanisani kwao wanasema akikemea, hata paka wanahama. Walikuwa wanangoja kuona taa inakuja.

Taa haikuja. Kwenye mteremko kabla ya reli, chumvi ikabembea ikachomoa waya wa mbele, giza likanipiga usoni, nami nikadhani dinamo inateleza, nikakanyaga kwa nguvu zaidi ili mwanga urudi. Nikakanyaga, wapi! Kumbe umeme wote ulikuwa unakwenda nyuma, na kadiri nilivyokanyaga ndivyo ile nyeupe kuukuu ilivyowaka nyuma yangu kama jicho la gari moshi. Mimi mbele sioni kitu. Pale relini nikasikia mtu anasema "Ule nani?" na miaka ile mtu anayekusimamisha gizani hataki salamu, kwa hiyo nikapita katikati yao bila neno, nikainama, nikazidisha.

Walichokiona wao nimesimuliwa mara nyingi, kwa mikono na macho. Kitu kimepita kwa upepo, halafu ghafla taa kubwa nyeupe inawaangalia usoni. Taa nyeupe ikikuangalia, inakuja. Hii haikuja. Ilirudi nyuma, huku inawaangalia, inakuwa ndogo, tena inalia sauti ya mbuzi.

"Mulozi! Iko anaenda kinyumenyume!"

"Kwa jina la Yesu, anguka!" Hiyo sauti ilikuwa ya Tantine. Wote wakaitikia, "Anguka! Anguka!" na mawe yakafuata. Mimi nasikia kelele na mawe mgongoni, najua ni majambazi, nakanyaga zaidi, taa inazidi kuwaka, mbuzi anazidi kulia, wao wanazidi kukemea, mpaka mfereji ukaja.

Nikaanguka, kama walivyoomba. Gurudumu likasimama, taa ikazimika.

"Imezimika! Aleluya!"

Wakaja na tochi. Tantine akanimulika nimekaa ndani ya maji, chumvi inayeyuka chini yangu.

"Weye nani?"

"Minye yomba ya Kasongo."

"Yomba ya Kasongo tunamungojea na mahari. Na koti umevaa ni ya nani?"

"Ya... kaka yako, Tantine."

Msichana mmoja akacheka puani, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia.

Walinipeleka ukweni kwa nyimbo za ushindi, natiririka matope mbele ya familia mbili zilizovaa vizuri. Kasongo akaniangalia jinsi mtu anavyoangalia nyumba yake inaungua. Mbuzi tukamkuta uani; alikata kamba, akatangulia.

"Mbuzi ule pale, njo wetu," nikasema.

"Hapana," akajibu Tantine. "Mbuzi ya mahari inaletwa na mukono ya yomba. Ile imekuya na miguu yake, tena imetoka ndani ya mwangaza ya ajabu. Tutaiombea."

Waliiombea. Kwa pilipili na vitunguu, na mimi sikupewa hata mchuzi.

Baba ya msichana akaliangalia koti lake mwilini mwangu, kisha akataja pikipiki. Hapo nikaona macho ya Kasongo, nikasukuma baiskeli mpaka miguuni kwa mkwe: ikae rehani mpaka nilete mbuzi mwingine. Akakubali. Béatrice akapiga kigelegele ndani ya nyumba, nami nikarudi Kikula kwa miguu, na kwa miguu nikafanya biashara msimu mzima wa mvua.

Siku nilipoikomboa baiskeli nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Mbayo, nikamuuliza kwa nini hakuniambia nyekundu ni ya nini. Akasema, "Haukuniuliza." Nyekundu bado anayo, kaiweka kichwani pa gunia, na sasa chupa tano hazitaki tena, anadai zaidi.

Basi nishaurini ninyi mnaojua. Mbuzi wangu nimdai nani: Mbayo aliyenyamaza, Tantine aliyemla, au Kasongo aliyenenepa na kumpa binti yake wa kwanza jina la Georgette? Mwenye jibu aje kwangu. Ila aje mchana.