Mahari ya Ng'ambo ya Mto

Mto wetu ni mdogo. Mtu mwenye haraka anauruka tu. Watu husema unaanzia kwenye kinamasi upande wa mji wa Kwanza. Kutoka huko unazungukazunguka kwenye mashamba ya mahindi kana kwamba unatafuta mbuzi aliyepotea, unapita chini ya nyumba yetu karibu na Kiminini, halafu unaenda kujitupa kwenye mto Nzoia.

Baba alituachia maneno machache: mpaka ni mto. Mama alituachia nduma, alizozipanda pale mto ulipopinda. Nilipoacha shule ili niwalee wadogo zangu, nduma hizo ndizo tulizonywea chai asubuhi, na jioni nyingine ndizo zilizokuwa chakula chenyewe.

Mvua za mwaka huu ziliuchosha mto kupinda. Ukakata kona, ukanyooka. Tulipoamka, nduma zilikuwa ng'ambo, kwa jirani yetu, mzee aliyehamia hapa kutoka Chwele. Kama mpaka ni mto, basi nduma ni zake. Nikangoja atakachosema.

Jumapili, baada ya kanisa, akaja na mkewe, yeye amevaa koti lake la sherehe.

"Mwanangu," akaniambia, "tumekuja kuongea habari ya mahari."

Ulimi wake tunaujua; kwake l na r ni mapacha. Lakini lile koti lilitudanganya. Tena ana kijana ambaye hajaoa. Mdogo wangu wa kidato cha nne akabwaga sufuria.

"Dada, ati nani anaolewa hapa? Si mimi!"

"Nyamaza, wageni wanywe chai."

"Kijana mwenyewe anaogopa hata bata!"

Mke wa mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba, sema vizuri bana! Watoto wanadhani umeleta posa!"

"Si nimesema mahari? Mahari pare mto iripinda! Pa nduma!"

Hapo kicheko changu kikakauka. "Sasa, mzee, mahali pale ni pa nani?"

Akamaliza chai yake kwanza. "Mto ndio irihama. Nyinyi murihama? Nduma aripanda mama yenu. Mpaka ni pare mto irikuwa."

Jioni hiyo tulipanda miti ya mpaka pamoja kwenye mkondo wa zamani, kisha tukalaza gogo la kuvukia mkondo mpya.

Siku hizi mdogo wangu akichukua jembe, hupaza sauti makusudi: "Dada, naenda kuchukua mahari yangu!" Na ng'ambo, kijana wa mzee huingia ndani na kufunga mlango.